Sinema iko wapi? Kuchambua ubaguzi wa rangi katika La Noire de…

*"Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Nimepewa kazi ya kuchambua filamu ya Ousmane Sembène, La Noire de…, kwa kuangalia mbinu za kisinema na suala la ubaguzi wa rangi. Nimeitazama mara kadhaa na nimeandika sura mbili, moja ya maudhui na moja ya fani. Mhadhiri amenirudishia rasimu akiwa ameandika pembeni: 'Umenisimulia hadithi. Sinema iko wapi?' Kwenye maudhui nimeeleza kwamba Madame ni mbaguzi, mumewe ana afadhali, na Diouana ni mhanga aliyenyamaza. Kwenye fani nimesema filamu ni ya nyeusi na nyeupe ili kuashiria watu weusi na weupe, na kwamba kinyago ni ishara ya Afrika. Nilitaka pia kutaja kasoro za kiufundi: midomo ya waigizaji na sauti haviendani, na Diouana haongei, tunamsikia akiwaza tu. Je, naruhusiwa kukosoa hivyo? Na nitajuaje kwamba ninachokiona kwenye picha kina maana kweli, si mambo ninayojitungia?"*

Swali la mhadhiri wako ni zuri, na rasimu yako haiko mbali na jibu kama unavyodhani. Unayo hadithi ya ubaguzi mkono mmoja na orodha ya mbinu mkono wa pili, na hujui vinakutana wapi. Halafu unayo hofu nyingine, ambayo naiheshimu zaidi: kwamba ukianza kutafuta maana katika kila ukuta na kila sahani, utaishia kutunga. Nitajibu yote mawili, lakini nitaanza na hicho ulichokiita kasoro, kwa sababu hapo ndipo kazi yako inapoweza kuanza upya.

Kwa wasomaji ambao hawajaiona: ni filamu ya Senegal ya mwaka 1966, ya takriban saa moja. Diouana ni msichana wa Dakar aliyeajiriwa na familia ya Kifaransa, ya mume na mke wanaoitwa tu Monsieur na Madame, kulea watoto. Familia inaporudi kwao inamwita aifuate Antibes, mji wa pwani kusini mwa Ufaransa. Anavuka bahari akiwa na hamu ya kuiona nchi, na nchi anayoiona ni jiko, sebule, bafu na chumba anacholala. Ameitwa kama yaya, anageuzwa mpishi, mfuaji na mfagiaji. Mwishoni anajiua, na mwajiri wake wa kiume anarudisha Dakar sanduku lake pamoja na kinyago ambacho Diouana mwenyewe aliwazawadia siku za mwanzo. Sembène alikuwa ameiandika kwanza kama hadithi fupi, katika mkusanyo uliotoka mwaka 1962, na mbegu yake ilikuwa habari fupi ya gazeti kuhusu kifo kilichotokea kweli.

Sasa hiyo sauti. Umeona sawasawa kwamba midomo na maneno haviendani kila mahali. Filamu ilipigwa bila kurekodi mazungumzo papo hapo. Sauti ziliingizwa baadaye, na waliozitoa si hao unaowaona. Diouana anachezwa na Mbissine Thérèse Diop, Msenegali ambaye hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza, lakini unayemsikia ni Toto Bissainthe, mwimbaji na mwigizaji wa Haiti. Hata Monsieur na Madame wana sauti za watu wengine. Sababu ya kwanza ni ya kawaida kabisa: fedha na vifaa. Kurekodi sauti safi wakati wa kupiga picha kulihitaji mitambo na mafundi ambao mwongozaji wa Kiafrika wa wakati ule hakuwa nao. Na usisahau kilichotangulia. Amri ya serikali ya Ufaransa ya mwaka 1934, inayojulikana kwa jina la waziri Laval, ilitaka kibali cha watawala kwa yeyote aliyetaka kupiga filamu katika makoloni yao ya Afrika, na kwa vitendo iliwafungia mlango Waafrika wenyewe. Paulin Soumanou Vieyra na wenzake walipotengeneza *Afrique-sur-Seine* mwaka 1955, waliipigia Paris. Sembène, aliyewahi kuwa mpakua mizigo bandarini Marseille na tayari mwandishi wa riwaya, alikwenda Moscow kujifunza ufundi huu alipokuwa akikaribia miaka arobaini. Kwa hiyo ukiandika "kuna kasoro" bila kueleza hali iliyoizaa, utakuwa umeilaumu filamu kwa umaskini ambao wengine waliupanga.

Lakini usiishie kwenye huruma pia. Mbinu ina maswali mawili, na wachambuzi wengi wapya huyachanganya: ilitoka wapi, na inafanya kazi gani. Swali la kwanza linajibiwa na bajeti na historia. La pili linajibiwa na skrini. Mbinu iliyozaliwa na uhaba inaweza kufanya kazi kubwa kuliko ile iliyochaguliwa kwa raha, na Sembène alilijua hilo. Katika filamu yake fupi ya mwaka 1963, *Borom Sarret*, tayari alikuwa amempa mwendesha mkokoteni wa Dakar sauti ya kuwaza iliyopandishwa juu ya picha. Hakuwa anababaisha.

Sasa tazama sauti hiyo inafanya nini Antibes. Kuna mazungumzo ya aina mbili katika nyumba ile. Mazungumzo ya chumbani, ambayo kila mtu anayasikia, humpa Diouana maneno machache: ndiyo Monsieur, ndiyo Madame. Mazungumzo ya pili yamo kichwani mwake, na huko anasema sentensi kamili. Anauliza watoto wako wapi. Anajiuliza kama Ufaransa ndiyo hii, jiko na bafu. Anakumbuka, analinganisha, anakasirika, anaamua. Sisi tunayasikia yote. Waajiri wake hawasikii hata neno.

Fikiria mpangilio huo unakuweka wapi wewe mtazamaji. Wageni wanapokuja kula chakula cha mchana, wanamzungumzia Diouana mbele yake kana kwamba ni fenicha, wanabishana iwapo anaelewa Kifaransa, na mzee mmoja anainuka kumbusu kwa sababu, anavyosema, hajawahi kumbusu mwanamke mweusi. Kama tungekuwa tumeona tukio hili bila sauti ya ndani, tungeona msichana mnyonge na wageni wasio na adabu. Lakini tumekwisha kumsikia akifikiri. Tunajua kwamba mtu mwenye akili nyingi kuliko wote mezani ndiye anayeleta sahani, na kila neno la wageni linapimwa na ushahidi ambao filamu imetupa mapema. Hakuna anayehitaji kutuhubiria kwamba hawa ni wabaguzi. Tumeufikia uamuzi huo wenyewe, kwa masikio yetu.

Ndiyo maana sentensi yako ya "mhanga aliyenyamaza" haiwezi kubaki. Diouana ndiye anayesimulia sehemu kubwa ya filamu. Kumbukumbu za Dakar zinakuja kwa amri yake. Akikumbuka, picha inakwenda. Anayeonekana hana neno ndani ya nyumba ndiye mwenye neno juu ya filamu nzima, na mvutano kati ya hali hizo mbili ndio ubaguzi wenyewe ulivyopangwa kisinema: nani anasikika, na nani anasikika kwa nani.

Kuna pingamizi ambalo lazima ulitaje, la sivyo msomaji makini atakutajia yeye. Sauti hii ya ndani ni ya Kifaransa fasaha, wakati Diouana hajui kusoma na Kifaransa chake cha mdomoni ni kidogo. Je, huko si kumnyang'anya lugha yake? Wapo wanaosema ndivyo, na hoja yao ina uzito. Sembène mwenyewe alihamia Kiwolof, lugha ya Senegal, katika filamu yake *Mandabi*, mwaka 1968, na hilo si jambo la kupuuza. Wengine wanasema tuichukue kama tafsiri iliyokubalika, jinsi tunavyokubali katika riwaya kwamba mkulima anawaza kwa lugha ya kitabu. Mimi naona Kifaransa kilitokana na soko na mazingira ya utengenezaji, lakini kinazaa kitu cha ajabu: Diouana anawahukumu waajiri wake kwa lugha yao, nao hawana habari. Unaweza kuchukua upande wowote, mradi uoneshe kwamba upande wa pili umeuona.

Ukitaka onyesho moja la kulijengea hoja hii, chukua lile la barua. Inakuja barua kutoka kwa mama yake Diouana, iliyoandikwa na mtu mwingine kwa sababu mama hajui kuandika. Monsieur anaisoma kwa sauti. Kisha, bila kuulizwa, anachukua kalamu na kuanza kumwandikia Diouana majibu: afya yake njema, kila kitu shwari. Anamwandikia maneno yake mwenyewe na kuyapa jina la Diouana. Diouana anaichukua barua na kuichana. Kwa mara ya kwanza, kilichokuwa kinasikika kichwani kinatoka nje kwa njia ya mikono. Huyu ndiye yule Monsieur uliyemwona "ana afadhali", na ni kweli haonekani akipiga kelele. Anasaidia. Na katika kusaidia anafanya jambo zito kuliko kelele zote za mkewe, kwa sababu anachukua kitu ambacho Madame hakuwahi kukigusa: sauti ya Diouana.

Hilo linanipeleka kwenye kosa ambalo nadhani ndilo kubwa katika sura yako ya maudhui. Ukipanga wahusika kwa ubaya wa tabia, ubaguzi unakuwa suala la hasira za mama mmoja mwenye maisha ya upweke. Filamu inakataa hilo. Madame wa Dakar ni mchangamfu na humpa Diouana nguo zake za zamani. Ni mtu yuleyule anayekuwa mkali Antibes, ambako hana watumishi wengine na hana ile hadhi ya mzungu aliyoizoea. Tabia yake inabadilika, nafasi ya Diouana haibadiliki. Turudi pia kwenye onyesho la Dakar ambapo wanawake wamekaa kwenye ukingo wa njia wakisubiri kuajiriwa. Madame anakuja na miwani ya jua, wanawake wanasimama na kumzunguka wakigombea, na yeye anapita akiangalia, hadi anamchagua Diouana ambaye hakukimbilia. Hakuna tusi linalotamkwa. Kuna mtu mmoja aliyesimama akitazama, macho yake hayaonekani, na kundi la watu wanaotazamwa. Wachambuzi wengi wamelifananisha na soko la watumwa, nami nakubaliana nao, ila nakusihi usiandike tu kwamba "linafanana na soko la watumwa". Andika ni mpangilio gani wa miili na macho unaotufanya tulione hivyo.

Na hapa historia inakuhusu. Hadithi fupi imewekwa mwaka 1958, kabla ya uhuru wa Senegal. Filamu imesogezwa hadi baada ya uhuru wa mwaka 1960. Sembène angeweza kuuacha mkasa katika ukoloni, ambako lawama ni rahisi. Aliuleta katika nchi yenye bendera yake, na katika Dakar ile anatuonesha pia wakubwa wa Kiafrika wakipita na mambo yao. Rangi, kazi na tabaka vinatembea pamoja katika filamu hii. Ukivitenganisha utapata insha nyepesi.

Kuhusu nyeusi na nyeupe, nakuomba uifute sentensi hiyo kama ilivyo. Mwaka 1966 filamu ya rangi ilikuwa ghali, na watengenezaji wenye bajeti ndogo popote duniani walipiga nyeusi na nyeupe. Sembène mwenyewe alipiga kwa rangi kipande kifupi cha mwanzo, wakati Diouana anapowasili na kuendeshwa kando ya bahari, ingawa nakala nyingi zinazotazamwa hazina kipande hicho. Kwa hiyo kutokuwapo kwa rangi peke yake si ishara ya kitu. Chenye maana ni jinsi weupe na weusi vilivyogawanywa ndani ya fremu, yaani ndani ya mipaka ya picha.

Ili uone hilo inabidi uelewe jambo dogo la kifundi. Kamera haioni kama jicho. Filamu ya plastiki ina uwezo wenye mipaka wa kushika tofauti kati ya sehemu inayong'aa sana na sehemu yenye giza. Ukuta mweupe hurudisha mwanga mwingi. Ngozi nyeusi hurudisha kidogo zaidi. Mpigapicha akiruhusu mwanga unaoufaa ukuta, uso mweusi ulio mbele yake hupoteza maelezo, macho na mashavu yakazama. Akiruhusu mwanga unaoufaa uso, ukuta unawaka na kuwa karatasi tupu. Lazima achague, au aongeze taa kwa ajili ya uso. Kwa miongo mingi sinema za studio kubwa zilichagua uso mweupe kama kipimo, na hata kadi ambazo maabara zilitumia kupima rangi zilikuwa na picha za wanawake weupe. Ndiyo maana watu wa fani bado wanaizungumzia kazi ya mpigapicha Haskell Wexler katika *In the Heat of the Night* ya mwaka 1967: aliipanga taa yake kwa kuufikiria uso wa mwigizaji mweusi Sidney Poitier, jambo ambalo Hollywood, katika filamu zake za rangi, ilikuwa haijazoea kulifanya.

Rudi sasa kwenye nyumba ya Antibes. Kuta nyeupe, vyombo vyeupe, beseni la kuogea jeupe. Na mbele ya weupe huo wote, uso wa Diouana unasomeka. Tunaona anavyokaza midomo, anavyoinamisha macho, anavyoyainua tena. Weupe wa nyumba umebaki mtupu, bila kina, na yeye ndiye mwenye umbo. Kisha linganisha na Dakar: njia, vumbi, watu wanaopita, anga. Kule anaingia na kutoka kwenye fremu apendavyo, anakimbia hata juu ya mnara wa kumbukumbu ya wafu wa vita huku mchumba wake akimkanya. Antibes fremu inampokonya mlango. Anapotazama nje usiku, anaona giza, na sauti yake inauliza kama Ufaransa ndiyo shimo hilo jeusi. Angalia jinsi Sembène alivyogeuza matarajio: katika mawazo ya Diouana, giza lipo Ulaya. Hoja hii ina nguvu mara kumi kuliko "nyeusi na nyeupe inaashiria weusi na weupe", na imetoka palepale ulipokuwa unachimba.

Kinyago sitakikalia sana, kwa sababu kila mtu hukikalia. Neno "ishara ya Afrika" linakufunga macho, maana linakupa jibu moja kwa kitu kinachobadilika. Fuata kinakopita. Mtoto wa kiume anakichezea. Diouana anakichukua na kukitoa zawadi. Monsieur anakikagua kama mtaalamu wa vitu halisi, na Dakar kinawekwa miongoni mwa sanaa nyingine. Antibes kinaning'inia peke yake kwenye ukuta mweupe, na hapo unaweza kuona kwa nini kamera inakipenda: Diouana naye yuko peke yake mbele ya ukuta uleule, amechukuliwa kutoka sehemu yenye maana na kuwekwa aonekane. Anapokitoa ukutani na Madame kumng'ang'ania, ugomvi hauhusu mbao. Anakidai kitu alichokitoa kwa hiari, kwa sababu hiari yenyewe imegeuzwa deni. Kisha kinarudi Dakar, kwa mtoto yuleyule. Kitu kimoja, maana kadhaa, na kila maana inategemea nani amekishika na kimewekwa wapi.

Onyesho la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote, na sijaliona katika rasimu yako hata kwa sentensi. Diouana amekufa. Tumeoneshwa habari ndogo gazetini na watu wakiota jua kwenye ufuko ambao yeye hakuwahi kuufikia. Kwa kawaida filamu ingeishia hapo. Hii inaendelea, na sauti iliyotuongoza haipo tena. Monsieur amekwenda Dakar na sanduku, kinyago na mshahara wa marehemu. Mama anazikataa fedha. Mtoto anakivaa kinyago na kuanza kumfuata. Hamtupii jiwe, hamtukani, anamfuata tu, na Monsieur anaongeza mwendo, anageuka nyuma, anaongeza tena, hadi kwenye gari lake. Katika filamu nzima Wazungu ndio waliotazama na Diouana ndiye aliyetazamwa. Sasa mzungu anatazamwa, na macho yanayomtazama hawezi kuyaona. Kumbuka miwani ile ya jua ya Madame. Kisha kamera inamsogelea mtoto na yeye anakishusha kinyago, tunamwona uso. Hakuna mhusika anayetueleza maana yake. Ukitaka kumjibu mhadhiri wako sinema iko wapi, iko hapa.

Kuhusu hofu ya kujitungia maana, nina njia tatu za kujipima, nazo hazina uchawi. Kwanza angalia kama jambo linajirudia. Kitu kilichotokea mara moja pembeni mwa fremu kinaweza kuwa bahati. Kuta nyeupe, kinyago na "ndiyo Madame" vinarudi tena na tena. Pili, angalia kama linabadilika wakati hadithi inapobadilika. Kinyago kinahama pale ambapo uhusiano unahama, na hiyo si bahati. Tatu, na hili ndilo linalonisaidia zaidi, badilisha mbinu kichwani mwako uone kinachopotea. Mpe Madame sauti ya ndani badala ya Diouana: filamu ingekuwa juu ya mama mwenye nyumba anayechoka. Ondoa kumbukumbu za Dakar: Diouana angekuwa mtumishi asiye na maisha, kama wageni wanavyomdhani. Ukibadilisha na maana ikabaki vilevile, huenda ulikuwa unatunga. Liache.

Huna haja ya kuthibitisha kwamba Sembène alikusudia kila kitu. Unathibitisha kwamba kipo kwenye filamu na kinafanya kazi.

Sasa muundo wa kazi yako. Fani na maudhui si kosa kama njia ya kujifunza, lakini kama sura mbili zimekudhuru, maana zimekulazimisha kusimulia katika moja na kuorodhesha katika nyingine. Unazo njia kadhaa. Unaweza kuchukua onyesho moja na kulichambua hatua kwa hatua. Hapo utakuwa makini sana, ila kuna hatari ya kuipoteza filamu nzima. Unaweza kulinganisha filamu mbili, na ni jambo la kuvutia, lakini kwa mtu ambaye bado anajifunza kuisoma moja, nadhani utaishia kusimulia hadithi mbili badala ya moja. Ningekushauri uchague mbinu moja, uifuate kutoka meli inapowasili hadi uso wa mtoto. Kwa maoni yangu iwe sauti, na onyesho la barua liwe katikati ya insha. Mwanga na kinyago viingie pale tu vinapoisaidia hoja ya sauti. Utaumia kuacha baadhi ya mambo mazuri uliyoyaona. Yaache hata hivyo.

Mfano wa tofauti ninayoisema. Rasimu yako inasema: "Madame ni mbaguzi kwa sababu anamdharau Diouana." Jaribu hivi: "Diouana anapofanya kazi za nyumba akiwa amevaa viatu vya kisigino, Madame anamwamuru avivue na kumkumbusha kwamba yeye ni mtumishi. Diouana anavivua palepale sakafuni na kwenda zake peku, na hamjibu neno. Viatu vinabaki vikisema kile ambacho mdomo haukusema." Hapo kuna tukio, kuna picha, na kuna dai ambalo msomaji anaweza kukubishia. Kila aya iwe na vitu hivyo vitatu.

Kuna mambo ambayo sitaweza kukusaidia kwa maandishi. Nenda kwa mhadhiri wako, lakini usiende na rasimu nzima mkononi ukisema hujaelewa. Nenda na onyesho moja na dai moja la sentensi mbili, umwombe akuambie palipolegea. Mtafute pia mtu anayejua Kifaransa mkae naye mbele ya skrini, kwa sababu maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha hufupisha, na insha inayosimama juu ya sauti haiwezi kutegemea ufupisho wa mtu mwingine. Na jambo la mwisho nalisema kwa uzito wake: filamu hii inamwonesha msichana aliyekosa wa kumsikia mpaka akajiua, nawe umelazimika kuirudia tena na tena. Kama imegusa kitu chako, kwa sababu unaishi mbali na kwenu, au unafanya kazi kwenye nyumba ya watu, au umewahi kuwaza hivyo mwenyewe, simama kwanza. Mwone mshauri wa wanafunzi chuoni kwako au mtu unayemwamini, ana kwa ana, leo na si baada ya kukabidhi kazi. Insha inaweza kuongezewa muda.

Ukiwa tayari kuanza, tazama onyesho la barua mara mbili. Mara ya kwanza zima sauti kabisa, uandike nani yuko wapi, nani amekaa, nani ameshika nini, na nani anamtazama nani. Mara ya pili geuza mgongo kwenye skrini usikilize tu, uandike nani anasema na kwa niaba ya nani. Kisha ziweke karatasi zote mbili mezani. Mahali zinapopingana ndipo pa kuanzia aya yako ya kwanza.